"Mimi Nauza Tu" Ilishindwa Kortini 1964

Mwaka jana chaja niliyonunua tao ililipuka nikiichomeka. Nilirudi dukani na bandeji kwenye vidole viwili. Jamaa akaniangalia tu: "Boss, mimi nauza tu. Tafuta kampuni." Kampuni gani sasa? Boksi lilikuwa na jina ambalo hata Google hailijui.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na hata sikuwa nasoma sheria. Lakini hiyo "mimi nauza tu" ilinikera hadi nikaanza kusoma. Kumbe ni kisingizio cha kitambo.

Oktoba 1958, California, Marekani. Bwana Vandermark ananunua Ford mpya kwa muuzaji anayeitwa Maywood Bell. Baada ya wiki kama sita, akiwa barabara kuu, breki zinamgeuka na gari linagonga nguzo ya taa. Yeye na dadake wanaumia. Wakashtaki wote wawili, Ford na muuzaji.

Sasa sikiza majibu. Ford wakasema gari lilipitia kwa muuzaji alitayarishe kabla ya kuuzwa, kwa hivyo wasilaumiwe wao. Muuzaji naye akatoa mkataba: tuliahidi kubadilisha vipuri vibovu tu. Aliyeumia anabaki katikati.

Mwaka 1963, mahakama kuu zaidi ya California ilikuwa imeamua kwamba mtengenezaji analipa bidhaa yenye kasoro ikiumiza mtu, hata bila kuthibitishwa kwamba alizembea. Mwaka 1964, kwenye kesi ya Vandermark, Jaji Roger Traynor akamwongeza muuzaji. Sababu zake ni rahisi: muuzaji ni sehemu ya biashara hiyo na anapata faida. Saa zingine ndiye pekee mnunuzi anaweza kumfikia. Pia ana nguvu ya kumbana mtengenezaji. Nani alipe ngapi, wataelewana wenyewe baadaye.

Hiyo ni California, najua. Lakini Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kufidiwa akiumizwa na kasoro ya bidhaa. Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyorithi kwa Waingereza, inamdai muuzaji mwenyewe ubora.

Shida yangu? Sikuchukua risiti. Chaja pia niliitupa kwa hasira. Wewe usifanye hivyo: weka risiti, piga picha, na hicho kitu kibovu usikitupe.