Mashine za macho: Mambo ambayo wakazi wa Thika na Ruiru wanafaa kuelewa kabla ya kununua miwani

MTU anayeingia katika duka la miwani mjini Thika au Ruiru husomeshwa herufi zilizo ukutani, akabadilishiwa lenzi mbili tatu, kisha akaondoka akiamini kwamba macho yake yamepimwa. Kwa hakika, kilichopimwa ni uwezo wa kuona mbali na karibu, basi. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, pamoja na madhara ya kisukari kwenye retina, yanaweza kuwa yameanza kitambo kwa mtu anayesoma mstari wa mwisho wa chati bila kukosea hata herufi moja.

Suala hili lina uzito wa pekee katika miji hiyo miwili ya Kaunti ya Kiambu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120, nao wa Thika 251,407. Wakazi hao hutegemea Hospitali ya Ruiru Level 4 na ile ya Thika Level 5, pamoja na kliniki za kibinafsi. Wenye matatizo makubwa zaidi huelekezwa Nairobi, au katika kitengo cha macho cha hospitali ya kanisa la PCEA mjini Kikuyu, kilichoanzishwa mwaka 1975. Mgonjwa anayejua kazi ya kila kifaa hujiepusha na nauli ya bure, na muhimu zaidi, hujiepusha na kuchelewa.

Chati ya herufi na simu ya mkononi

Chati inayotumiwa hadi leo ilibuniwa mwaka 1862 na Herman Snellen, daktari wa Uholanzi. Matokeo yake huandikwa kwa tarakimu mbili. Mtu mwenye 6/60, kwa mfano, hulazimika kusogea hadi mita 6 ili aone kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa umbali wa mita 60.

Kenya imechangia pakubwa katika kukiboresha kipimo hiki. Programu ya simu inayoitwa Peek Acuity ilifanyiwa majaribio Nakuru na kundi lililoongozwa na Dkt Andrew Bastawrous, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Baadaye Dkt Hillary Rono wa Kitale aliongoza utafiti katika shule 50 za Trans Nzoia, ambapo walimu waliwapima wanafunzi kwa simu na wazazi wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha kwenda hospitalini. Ripoti ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba asilimia 54 ya watoto waliopatikana na kasoro kwa njia hiyo walifika hospitalini, ikilinganishwa na asilimia 22 katika shule zilizotumia utaratibu wa kawaida.

Hata hivyo, chati na simu hueleza tu kwamba mtu haoni vyema. Sababu ya kutoona hutafutwa kwa vifaa vingine.

Darubini ya kuchunguza jicho

Kifaa kinachoonekana katika karibu kila kliniki ya macho ni sliti lampi. Hii ni darubini iliyowekwa mezani, yenye taa inayotoa mwale mwembamba. Mgonjwa huegemeza kidevu na paji la uso, naye mhudumu hukagua konea, mboni na lenzi zikiwa zimekuzwa mara nyingi.

Katika eneo lenye viwanda, karakana za kuchomelea vyuma na machimbo ya mawe kama ya Ndarugu, sliti lampi ni kifaa cha dharura. Tone la rangi maalumu likitiwa jichoni na kumulikwa kwa mwanga wa samawati, mkwaruzo hung'aa kijani. Chembe ya chuma huonekana na kutolewa na mtu aliyehitimu. Kuitoa kwa njiti ya kiberiti au ncha ya leso huzidisha jeraha, na chuma kikiachwa humo huacha kutu kwenye konea. Aliyemwagikiwa na kemikali, kwa upande wake, asisubiri mashine yoyote. Anapaswa kuosha jicho papo hapo kwa maji safi mengi kwa angalau dakika 15, ndipo akimbizwe hospitalini.

Kipimo cha presha ya jicho

Jicho huwa na majimaji yanayotengenezwa na kutolewa bila kukoma. Njia ya kuyatoa ikizibana, presha hupanda na huweza kuharibu neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Presha hiyo hupimwa kwa tonomita. Ipo inayogusa konea baada ya jicho kutiwa dawa ya ganzi, ipo inayopuliza hewa, na ipo ndogo ya kushikwa mkononi. Kiwango cha kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Glakoma hula kwanza pembe za uwezo wa kuona. Mgonjwa huendelea kusoma gazeti huku akianza kugonga watu njiani au kutoona gari linalotokea ubavuni, naye hudhani ni haraka zake tu. Watu wenye asili ya Kiafrika, waliotimiza umri wa miaka 40, na wale ambao mzazi au ndugu yao anaugua, wamo hatarini zaidi.

Tonomita peke yake haitoshi, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wa glakoma huwa na presha ya kawaida. Kwa sababu hiyo daktari hukagua pia kichwa cha neva kwa ofthalmoskopu, kifaa kilichobuniwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Vilevile, kuna mashine ya kupima upana wa kuona, ambapo mgonjwa hubonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Hospitali kubwa huwa pia na mashine ya OCT, teknolojia iliyotangazwa mwaka 1991, ambayo hutumia mwanga kupima unene wa tabaka za retina.

Matibabu hulinda kilichobaki tu. Dawa ya matone sharti itumiwe kila siku, kwa kawaida maisha yote, na gharama huwafanya wengi kuiacha. Utafiti uliofanyiwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulilinganisha matone ya timololi na aina moja ya miale ya leza. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyotibiwa, nayo matone asilimia 31.

Kamera kwa wenye kisukari

Sukari nyingi mwilini huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, ikavuja au kuziba. Dalili huchelewa. Kamera ya retina hupiga picha ya sehemu hiyo ya nyuma ya jicho, na picha ya mwaka huu hulinganishwa na ya mwaka uliopita. Mwenye kisukari anashauriwa kupimwa kila mwaka hata akiona vizuri. Madhara yakigunduliwa mapema, leza au sindano za dawa ndani ya jicho huweza kuzuia upofu.

Anayetiwa matone ya kupanua mboni kwa ajili ya uchunguzi huu hatafaa kuendesha gari wala bodaboda kwa saa kadhaa, na ni heri aje na mtu wa kumsindikiza.

Mtoto wa jicho

Tofauti na glakoma, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya mtoto wa jicho huweza kuurejeshewa. Lenzi iliyopata ukungu hutolewa na kuwekwa ya plastiki. Upasuaji wa kwanza wa aina hiyo ulifanywa London mwaka 1949 na Harold Ridley, aliyekuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita havikudhuru macho ya marubani waliojeruhiwa.

Kabla ya upasuaji, urefu wa jicho hupimwa kwa mashine ya sauti au ya mwanga. Kosa la milimita moja hubadilisha nguvu ya lenzi kwa kati ya daiopta 2.5 na 3, na humlazimu mgonjwa kuvaa miwani mizito baadaye. Ukungu ukirejea miezi au miaka kadhaa baada ya upasuaji, mara nyingi ni ule utando unaoishikilia lenzi, nao hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache.

Maswali ya kuuliza

Thika inajulikana pia kwa shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mashine za Breli, lenzi za kukuza maandishi na simu zinazosoma kwa sauti zimewawezesha wengi wasioona au wenye uoni hafifu kusoma na kujitegemea. Lakini kwa mtu mzima ambaye angeokolewa na kipimo cha dakika chache, vifaa hivyo huja kama fidia.

Kwa hivyo, anayepimwa ana haki ya kuuliza: Presha ya kila jicho ni ngapi? Neva imekaguliwa? Retina imeonekana? Majibu yaandikwe na karatasi itunzwe, maana tarakimu ya leo ndiyo itakayomwonyesha daktari wa kesho iwapo ugonjwa unasonga.

Mzazi anayeona weupe ndani ya mboni ya mtoto, hata kama ni kwenye picha iliyopigwa kwa taa ya kamera, ampeleke hospitalini mara moja. Huenda ikawa ni mtoto wa jicho, au saratani ya jicho inayoweza kutibika ikigunduliwa mapema, na inayoua ikiachwa.