Dar es Salaam hadi Jeddah: Masafa ni Yale Yale, Muda Ndio Uliofupika

Sifa njema zote anazistahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah ni kiasi cha kilomita 3,160. Miji hii inakaribia kuwa kwenye longitudo moja, hivyo mstari kati yake huelekea kaskazini moja kwa moja, juu ya Kenya, Ethiopia na Eritrea, kisha Bahari ya Sham. Ndege isiyotua njiani huimaliza safari hiyo kwa saa nne na nusu hivi.

Wazee wetu hawakuupata wepesi huu. Aliyekusudia Hijja kwa jahazi alingoja kusi ivume ndipo atweke tanga kwenda kaskazini. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza kuwa kutoka Zeila hadi Mogadishu peke yake alisafiri baharini siku 15.

Je, rukhsa ya kukusuru Swala ingali ipo kwa msafiri wa saa nne? Katika madhehebu ya Imam Shafi, mpaka uliowekwa ni masafa: marhala mbili, yaani maili 48 za Kihashimu, ambazo wengi wa wanazuoni wa leo huzikadiria kati ya kilomita 80 na 90. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana pwani yetu, kwamba bahari ni kama bara, na mwenye kuyakata masafa hayo baharini kwa muda mfupi atakusuru. Karne nyingi kabla ya ndege, jibu lilikwisha kuandikwa. Mwendo wa siku mbili wa ngamia wenye mizigo, ndege huukata kwa dakika sita hivi, na hukumu haibadiliki. Lakini mkazi wa Dar es Salaam asikusuru akiwa uwanja wa ndege, kwa kuwa bado hajatoka mjini kwake.

Kasi hiyo hiyo ina hatari yake, nayo ni katika Mikati. Watu wa Iraq walipomlalamikia Sayyidna Umar (R.A.) kuwa Qarn iko kando ya njia yao, aliwaamuru watazame palipo sambamba nayo, akawawekea Dhatu Irq. Kwa msingi huo, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tatu mjini Amman mwaka 1986, liliamua kuwa anayekwenda Hijja au Umra kwa ndege ni wajibu ahirimie anapopita juu ya Mikati au sambamba nayo. Wa jahazi alikuwa na wasaa wa kuoga na kujitayarisha. Wa ndege, iendayo kilomita 14 kwa dakika, akisinzia kidogo Mikati imempita, na asiporejea huko kuhirimia, atalazimika kuchinja.

Basi ndugu Muislamu, oga na uvae nguo za Ihramu kabla ya kupanda, kisha utie nia ndege inapokaribia Mikati. Ukichelea usingizi, tia nia mapema, kwani kuhirimia kabla ya Mikati kunasihi.

Wallahu a'lam.