Hoho Ndani ya Faneli ya Bati

Ile faneli ya bati tunayotumia kumimina mafuta ya taa kwenye chupa ina nafasi yake katika historia ya sanaa. Sitanii.

Mwanzoni mwa Agosti 1930, katika mji wa Carmel, California, mpiga picha Edward Weston alikuwa amekwama na pilipili hoho moja kwa muda wa wiki nzima. Alikuwa amejaribu kuiweka mbele ya kitambaa cha pamba na mbele ya kadibodi nyeupe, lakini weupe ule uligombana na ngozi nyeusi inayong'aa ya hoho. Akaona amefika mwisho. Ila kila alipotaka kuipeleka jikoni, kitu kikamzuia. Ndipo akachukua faneli kubwa ya bati, akailaza ubavu, akaiegesha hoho mdomoni mwake. Picha iliyotoka ni Pepper No. 30. Ukiwahi kuiona huisahau: hoho imejikunja kama mgongo wa mtu aliyebeba gunia, ama kama watu wawili waliokumbatiana.

Faneli ilifanya nini hasa? Mwanga wa kawaida uliingia kutoka juu, ukagonga kuta za bati zilizopinda, ukarudi kwenye hoho kutoka pande kadhaa, ukiwa umepoa. Kingo ambazo zingezama gizani zikapata mng'ao mwembamba. Nyuma hakuna meza wala ukuta, ni kivuli tu kinachozidi kukolea. Linganisha na flashi ya simu yako: inarusha mwanga moja kwa moja kutoka pale lenzi ilipo, kwa hivyo vivuli vinajificha nyuma ya kitu na kitu chenyewe kinabaki bapa kama chapati. Umbo la kitu huonekana mwanga ukija kwa kando.

Mwanga mpole ulikuwa na gharama, na gharama yenyewe ilikuwa muda. Kitu kidogo kikiwa karibu na lenzi, sehemu inayotokea wazi ni nyembamba sana. Ukitaka hoho nzima ionekane vizuri, mbele mpaka nyuma, lazima uzibe tundu la lenzi libaki dogo kabisa. Tundu likiwa dogo, mwanga unaingia kwa matone, nawe unangoja. Miaka mitatu kabla, mwaka 1927, Weston alikuwa akipiga picha za kombe na kauri za baharini, na aliandika kwenye shajara yake kwamba picha moja ilihitaji saa nne na nusu. Saa nne na nusu, bana, na nyumba ina watoto na paka! Kombe likiteleza unywele mmoja, kazi yote imeharibika, unaanza tena. Hoho nayo ina balaa la ziada: kombe haliozi.

Hizo hoho zilitoka wapi? Hapa historia hupita haraka, nami naona si haki. Aliyekuwa akizileta nyumbani ni Sonya Noskowiak, aliyeishi na Weston miaka hiyo, akajifunza kwake na kumsaidia kazi. Yeye pia alikuwa mpiga picha. Mwaka 1932 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Group f/64, pamoja na Weston, Ansel Adams na Imogen Cunningham. Jina la kikundi hicho limetokana na tundu dogo la lenzi, lile lile la kungoja. Mtu anayeenda sokoni akachagua hoho iliyopinda, akaacha zile nzuri za kupika, tayari ameanza kutengeneza picha.

Weston alikuwa akisisitiza kwamba hoho yake ni hoho tu, basi. Watu walikuwa wameshaanza kuona miili na tamaa kwenye picha zake: Tina Modotti alipoonyesha zile za kombe kule Mexico, Diego Rivera aliuliza kama Weston ni mgonjwa. Weston alikasirishwa na maneno ya aina hiyo, akajitetea kwenye shajara mara kwa mara. Mimi nadhani alikuwa mkweli kuhusu nia yake, lakini hakuwa mkweli kuhusu bati. Kwenye mwanga wa saa sita mchana hoho ile ni mboga. Ule mng'ao wa mabega, kile kivuli cha uti wa mgongo, ni faneli iliyoviweka pale. Kikundi kizima kilihubiri picha isiyotiwa chumvi, na picha maarufu kupita zote katika imani hiyo inasimama juu ya ujanja wa jikoni. Hilo halinipunguzii heshima kwake. Linaniudhi tu ninaposikia eti yeye "aliona" tu.

Nilijaribu mwenyewe. Hoho ya shilingi kumi kwa mama mboga, ile aliyokuwa ameitenga kwa sababu ya kupinda. Faneli niliazima kwa jirani. Flashi nikaizima, nikakaa kando ya dirisha, simu nimeiegemeza kwenye pakiti ya unga isitikisike. Matatu ilipopita barabarani meza ilitetemeka, nikaelewa ile habari ya paka. Jaribio la kumi na moja hivi, bega likatokea.

Weston aliandika kwamba watu walimwona kama mla watu, kwa kuwa alikula mboga alizozipiga picha. Yangu iliingia kwenye maharagwe jioni hiyo hiyo.