Kikulacho Ki Nguoni: Kanuni za Kuwalinda Watoto Zilipotoka

KALEMIE – Kwa juma moja tu, mtoto wa Kalemie anapita mikononi mwa watu wengi: mwalimu wa shule, kiongozi wa kwaya, kocha wa ekipi ya mpira, mfanyakazi wa shirika anayegawa vifaa kambini. Wazazi wanawaamini kwa sababu nyuma yao kuna jina la shule, la kanisa au la shirika. Lakini historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba jina peke yake halikutosha kumlinda mtoto. Palihitajika pia mtu wa nje mwenye haki ya kuuliza.

Mlezi asiye na msimamizi

Mwishoni mwa karne ya 19, watoto walikuwa wakikamatwa na kuuzwa utumwani pande zote za Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, kusini mwa Kalemie ya leo, kilichoanzishwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Huko walilea na kufundisha watoto waliokombolewa kwa kununuliwa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Watoto hao waliponea minyororo, lakini wengi walikuwa mbali na mzazi au ndugu ambaye angeweza kuwasemea.

Tarehe 12 mwezi wa 7 mwaka 1890, Dola Huru ya Kongo ilitoa dekreti ya kujifanya mlezi wa watoto waliotolewa utumwani, yatima na walioachwa. Mtoto aliyepokelewa aliweza kufanyishwa kazi hadi atimize miaka 25, kwa malipo ya chakula, malazi na matibabu. Dekreti nyingine, ya tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 1892, iliruhusu vyama vya dini na vya hisani kupewa ulezi huo.

Mwaka 1905, ripoti ya Tume ya Uchunguzi iliyoundwa na Mfalme Léopold II ilitoboa jambo. Ilisema kwamba wengi wa waliokusanywa katika vituo vya Wajezuiti huko Kwango, magharibi mwa nchi, hawakuwa yatima. Walikuwa wameombwa kwa machifu, nao machifu hawakuthubutu kukataa. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu watu wasio wa vituo vile walikwenda kuuliza.

Wabelgiji walipotunga dekreti ya tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1950, ilihusu watoto wanaovunja sheria. Mtoto ndiye aliyepelekwa mbele ya hakimu. Kazi ya kumchunguza mtu mzima anayemlea haikuwa shabaha ya sheria ile, nayo ilidumu hadi mwaka 2009.

Kutoka miaka 14 hadi 18

Mwaka 2002, uchunguzi uliofanywa Guinea, Liberia na Sierra Leone ulionyesha kwamba hata wafanyakazi wa misaada walikuwa wakiwatumia wasichana wakimbizi kingono. Tarehe 9 mwezi wa 10 mwaka 2003, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa kanuni kali: mfanyakazi wa Umoja huo asifanye ngono na mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi inaruhusu umri mdogo zaidi. Kusema "sikujua umri wake" si utetezi. Anayemshuku mwenzake anapaswa kutoa taarifa.

Maneno hayo kuhusu sheria ya nchi yaliigusa Kongo moja kwa moja, maana wakati ule kanuni ya adhabu yetu iliweka mpaka kwenye miaka 14. Hata hivyo, kanuni kwenye karatasi haikutosha. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba huko Bunia, Ituri, baadhi ya askari wa MONUC waliwapa wasichana wadogo chakula au pesa kidogo ili walale nao. Ripoti ya Mwanamfalme Zeid wa Jordan ya mwezi wa 3 mwaka 2005 ilidai mabadiliko katika kazi zote za kulinda amani.

Kongo nayo ikafuata. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 ilipandisha mpaka hadi miaka 18. Pia iliongeza mara mbili adhabu ya chini ya ubakaji pale mkosaji anapokuwa mwalimu, mtumishi wa dini aliyetumia cheo chake vibaya, au mganga. Sheria iliwataja hasa wale ambao watu wanawaamini zaidi. Kisha sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto ikaagiza mahakama za watoto.

Karatasi isiyo na sikio

Hata baada ya hayo, kosa lilirudi. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilijaa wafanyakazi wa afya. Tume huru, ambayo mmoja wa viongozi wake wawili alikuwa Mkongomani Julienne Lusenge, ilitoa ripoti tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 2021. Ilitaja washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Mdogo kuliko wote kati ya waliodai kutendewa alikuwa na miaka 13. Shirika hilo lilikuwa na kanuni. Malalamiko ndiyo yaliyokosa mahali pazuri pa kufika.

Somo hilo linaihusu Kalemie. Vita kati ya Batwa na Baluba vilileta maelfu ya watu katika kambi kama Katanika, na mashirika yakafuata. Kila shirika lina kanuni zake ofisini. Mzazi ana haki ya kuuliza maswali manne: Nani alichunguza kazi za zamani za mtu huyu? Je, anakaa peke yake na watoto mlango ukiwa umefungwa? Mtoto wangu akiumizwa, atamwambia nani asiye wa kundi hilo? Na kesi itafika polisi na parke, au itamalizwa kwa mbuzi na pesa kati ya familia mbili?

Kiongozi mwema hawezi kuchukizwa na maswali hayo. Anayechukizwa, afadhali mtoto asiachwe kwake.