Nani Atapandisha Mpira?

Kila mpenzi wa mpira wa kikapu ana timu yake ya ndoto, na kila mmoja anaamini kwamba hao wengine hawaelewi mchezo. Jordan lazima. Halafu LeBron, Kobe, Magic, Shaq, na hapo kelele zinaanza. Mjadala huo nimeusikia mara nyingi hadi naweza kuuendesha peke yangu pande zote mbili, kwa hivyo leo wacha tucheze mwingine. Tuunde timu bora ya Afrika ya wakati wote. Sisemi watu wenye asili ya Afrika, maana hapo tutabeba nusu ya NBA na mchezo uishe. Sheria yangu ni moja: lazima mchezaji awe alijifunza mpira huku, kwenye bara hili.

Sheria hiyo inauma mapema. Giannis Antetokounmpo anaanguka. Wazazi wake ni Wanigeria, ndiyo, lakini yeye alizaliwa na kulelewa Athens, akajifunza kudunda mpira Athens, na Ugiriki ikampa uraia mwaka wa 2013 alipokuwa karibu kuondoka kwenda Marekani. Zile pointi 50 alizofunga siku Milwaukee walipotwaa taji la 2021 zilianzia kwenye viwanja vya Ugiriki. Steve Nash naye anaanguka. Alizaliwa Johannesburg mwaka wa 1974, lakini wazazi wake hawakutaka kulea mtoto chini ya ubaguzi wa rangi, wakahamia Kanada akiwa bado mdogo. Alikuja kuwa mchezaji bora wa msimu wa NBA mara mbili mfululizo, 2005 na 2006. Kumwacha Nash kutatugharimu sana, na baadaye mtaona kwa nini.

Tuanze na kazi rahisi, ambayo ni senta.

Hakeem Olajuwon anaingia bila kura. Alizaliwa Lagos mwaka wa 1963, akacheza soka na mpira wa mikono, na mpira wa kikapu akauanza akiwa kijana wa sekondari. Mwaka wa 1980 alienda chuo kikuu cha Houston. Mwaka wa 1984 alichaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa NBA, nafasi mbili mbele ya Michael Jordan, na hadi leo hakuna mtu wa Houston anayejuta. Msimu wa 1993–94 alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali, yote matatu kwa pamoja. Mwaka uliofuata akarudi kuchukua taji tena. Rekodi yake ya kuzuia mitupo, 3,830, haijavunjwa.

Anayemfuata kwenye orodha hiyo ya wazuiaji, akiwa na 3,289, ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alienda Georgetown akitaka kuwa daktari. Aliishia kuwa mlinzi bora wa NBA mara nne, na kile kidole chake cha kukataza kikajulikana hata na watu wasiojua kikapu kina urefu gani. Ndoto ya udaktari haikupotea kabisa: mwaka wa 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa. Alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 58.

Halafu kuna Manute Bol, Mdinka wa mita 2.31, mtu aliyemaliza maisha yake ya NBA akiwa na mitupo mingi aliyoizuia kuliko pointi alizofunga. Pesa zake nyingi zilienda kusaidia watu wa Sudan Kusini wakati wa vita, na alifariki mwaka wa 2010, mwaka mmoja kabla ya nchi hiyo kupata uhuru. Halafu kuna Joel Embiid wa Yaoundé, mchezaji bora wa msimu wa 2023. Kama unataka mtu mrefu wa kucheza mbele kidogo, chukua Pascal Siakam wa Douala, bingwa na Toronto mwaka wa 2019.

Mnaona vile mambo yanakuja raha? Tumejaza sehemu ya chini ya kikapu hadi watu wanasukumana. Sasa jibu swali hili: nani atapandisha mpira?

Hapo ndipo orodha inanyamaza. Gadi yuko wapi? Yule mtu wa mita 1.85 anayeiona pasi kabla haijafunguka, anayevunja presha kwa mkono wa kushoto na kujua ni sekunde ngapi zimebaki bila kuinua macho? Kwa miaka mingi Afrika imepeleka NBA wanaume warefu wengi, na magadi wachache mno. Nadhani hii si bahati mbaya. Ni historia, na inasomeka ukiangalia namna hao warefu walivyopatikana.

Manute Bol alionekana na kocha Mmarekani aliyekwenda Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1980. Embiid aligunduliwa mwaka wa 2011 kwenye kambi ya Luc Mbah a Moute, Mkameruni mwenzake wa NBA, wakati alikuwa amecheza mpira huo kwa muda mfupi sana. Siakam naye alipitia kambi hiyo hiyo, na kabla yake alikuwa seminari. Mutombo alikuwa kijana mkubwa tayari alipoanza kucheza. Ukiwapanga hivyo mstari mmoja, unagundua jambo: karibu wote walianza wakiwa wamechelewa, na karibu wote walionwa kwanza kwa sababu ya urefu. Aliyekuja kutafuta alijua anatafuta nini, na kipimo chake kilikuwa futi.

Urefu unaweza kuusubiri. Mtu wa mita 2.13 akianza akiwa na miaka 15, makocha wa Marekani watamfundisha miguu, mgongo na mkono wa kurushia, na miaka minne baadaye ni milionea. Gadi hafundishwi hivyo. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mikono ya gadi inatengenezwa akiwa na miaka minane au tisa, kwenye korti ya karibu na kwao, na mpira ambao si wa kuazima, na kocha anayerudi kila Jumamosi, na mechi mia kadhaa ambazo hakuna mtu anazitazama. Senta ni zawadi ya Mungu ambayo skauti anaweza kuiokota, lakini gadi lazima nchi yenyewe imtengeneze. Kwa hiyo tunapokosa gadi, kinachoonekana pale katikati ya uwanja ni pengo la korti, ligi na makocha wa watoto.

Najua mtu atasema, labda Waafrika si watu wa kucheza gadi. Huyo nampeleka Barcelona, mwaka wa 1992.

Timu ya ndoto ya kwanza kabisa, ile iliyotupa hili jina tunalolitumia, ilianza Olimpiki yake dhidi ya Angola tarehe 26 Julai. Jordan, Magic, Bird, Barkley na wenzao. Matokeo yalikuwa 116 kwa 48, na kuna kipindi Marekani ilifunga pointi 46 huku Angola ikipata moja. Charles Barkley alimpiga kiwiko Herlander Coimbra, kijana mwembamba ambaye hakuwa amemkosea chochote. Dunia ilicheka, na wengi hadi leo wanaikumbuka Angola kwa kiwiko hicho tu.

Kile ambacho hawasimulii ni kwamba siku chache baadaye, kwenye mashindano hayo hayo, Angola iliichapa Hispania, wenyeji, 83 kwa 63. Mbele ya watu wao. Na haikuwa na mchezaji hata mmoja wa NBA. Ilikuwa nchi iliyotoka vitani mwaka mmoja tu uliopita, na miezi michache baadaye ilirudi vitani tena. Lakini ndani ya shida hizo zote kulikuwa na ligi ya nyumbani. Kulikuwa na klabu kama Petro de Luanda na Primeiro de Agosto, klabu ya jeshi, na kulikuwa na kocha Victorino Cunha aliyekaa na wachezaji wake muda mrefu. Waangola hawakuwa warefu sana, kwa hivyo walijifunza kukimbia, kupasiana na kurusha kutoka mbali. Kati ya 1989 na 2013 walitwaa ubingwa wa Afrika mara 11, wakizishinda nchi zilizokuwa na majitu kuwaliko.

Kwa hivyo gadi wangu wa kwanza anatoka Luanda: Miguel Lutonda, aliyeiendesha Angola ilipokuwa ikitwaa mataji mfululizo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana wengi Nairobi hawajawahi kusikia jina lake, na hilo pekee ni sababu nzuri ya kulitaja. Kwa vipimo vya NBA, Nash anamzidi mbali. Lakini Lutonda alifundishwa huku, akachezea huku na kushindia huku.

Gadi wa pili? Mimi sikusema popote kwamba timu hii ni ya wanaume. Mwadi Mabika alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1976. Akiwa na miaka 20 alikuwa na timu ya Zaire kwenye Olimpiki ya Atlanta. Mwaka uliofuata WNBA ilipofunguliwa, alikuwa ndani, na Los Angeles Sparks walipotwaa mataji ya 2001 na 2002 alikuwa akirusha zile tatu zake pembeni ya Lisa Leslie. Hakuna senta wa kike wa Kiafrika niliyemwacha kwa ajili yake. Namchukua kwa sababu mkono wake unajua kurusha, na timu yangu inahitaji hasa mtu wa kurusha.

Fowadi ni Luol Deng, na hapa hadithi yote inakutana. Alizaliwa Wau mwaka wa 1985, vita vikamkimbiza na familia yake hadi Misri, na huko Misri, akiwa mtoto, aliyemfundisha mpira yeye na kaka zake ni Manute Bol. Kutoka hapo akaenda London kama mkimbizi, kisha Marekani, kisha All-Star wa NBA mara mbili. Alipostaafu, mwaka wa 2019, akachukua uenyekiti wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, nchi isiyokuwa hata na uwanja mmoja wa ndani. Julai 2024, jijini London, timu hiyo iliwabana Wamarekani hadi sekunde za mwisho. LeBron James ndiye aliyewaokoa: 101 kwa 100. Wiki moja baadaye, kwenye Olimpiki, walipigiwa wimbo wa taifa usio wao, wakangoja ule wao, halafu wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Niliwashangilia kama mtu wa kwao. Lakini angalia nani alikuwa anapandisha mpira: Carlik Jones, gadi mzaliwa wa Cincinnati, aliyepewa uraia. Kanuni za FIBA huruhusu mchezaji mmoja wa namna hiyo, na Sudan Kusini walimtumia vizuri. Nchi yenye baadhi ya watu warefu zaidi duniani ilikuwa na kila kitu, ikalazimika kwenda Ohio kutafuta gadi.

Na sisi Kenya? Mwaka wa 1993 mashindano ya Afrika yalichezwa hapa Nairobi na tukamaliza wa nne. Baada ya hapo tukakaa miaka 28 bila kufuzu. Kilichotutoa shimoni kilikuwa mtupo mmoja, Februari 2021 jijini Yaoundé: Tylor Ongwae aliinuka akijirudisha nyuma, muda ukaisha mpira ukiwa hewani, ukaingia. Kenya 74, Angola 73. Ongwae anaingia kwenye benchi langu, na yeyote anayeona ninapendelea nyumbani, anaona sawasawa. Lakini mtu wa kuifunga Angola kwa silaha ya Angola yenyewe, mtupo wa mbali wenye utulivu, ana haki ya kukaa karibu na Hakeem.

Basi timu ndiyo hii: Lutonda, Mabika, Deng, Olajuwon, Mutombo. Benchi ni Embiid, Siakam, Bol na Ongwae. Kocha ni Cunha. Meneja ni Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, aliyecheza gadi ujana wake, akaijenga Toronto iliyochukua taji la 2019, na ambaye shirika lake la Giants of Africa linafundisha watoto mpira huku bila kungoja wawe warefu.

Ligi ya klabu za Afrika, BAL, ilianza Kigali mwaka wa 2021. Mwaka wa 2024 bingwa alikuwa Petro de Luanda, yaani Angola ile ile. Mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza humo. Ni mwanzo mzuri, bana. Lakini ligi ya wakubwa ni paa la nyumba. Msingi wake ni korti za mtaani, na zetu nyingi zina nguzo bila kikapu, au kikapu bila wavu, au zimegeuzwa maegesho ya magari. Msichana wa miaka tisa anayedunda mpira hapo leo ndiye gadi wa timu ya ndoto ya mwaka wa 2050. Urefu wake haujalishi kitu. Anachohitaji ni kukuta, kesho akirudi, hiyo korti bado ipo.