Mashine ya gemu kwa hela ya mawazo: anza na pawa saplai

Wadau, swali ni lile lile kila siku: "Bro, nina hela kidogo, nataka mashine ya gemu, nianzie wapi?" Wengi wanakimbilia kadi ya grafiki. Na mimi nilianzia hapo hapo, nikaumia.

Nilinunua Kariakoo kompyuta iliyotumika ofisini, Dell OptiPlex 7010, mashine ya mwaka 2012, ile ya boksi kubwa la kusimama. (Bongo boksi zima tunaliita CPU, sawa, tumeshazoea.) Ndani kuna Core i5 ya kizazi cha 3, viini 4. Kwa hela ile sikuona cha kulalamika. Nikatafuta kadi kubwa ya mtumba, inataka waya wa umeme wa pini 6. Pawa saplai yangu haina waya huo. Fundi mmoja wa mtaani akaniungia adapta, akasema "itakaa tu". Siku ya tatu, katikati ya mechi, puu! Moshi. Pawa saplai ikafa, kadi nayo ikaenda. Hela ya miezi mitano hiyo, na nyumbani sikusema.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye kibandiko: wati 275. Hizo ni za mashine nzima, siyo za kadi peke yake. Sasa shika hili: sloti ya PCI Express yenyewe inaipa kadi hadi wati 75 bila waya wowote wa ziada. Kwa hiyo tafuta kadi inayoishia hapo. GTX 750 Ti ya 2014 inakula wati 60, GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zinakula 75. Ila geuza kadi uiangalie, maana kuna matoleo ya hizo hizo yana tundu la pini 6. Ukiona tundu, rudisha. Ukiweza fika kwenye 1650, kwa sababu mwaka 2025 NVIDIA walizifungia mbili za mwanzo draiva mpya za gemu.

Boksi nalo lina mambo. Lile jembamba linapokea kadi fupi tu, na hizo ni za kutafuta kwa tochi. Halafu 7010 kubwa inakubali pawa saplai ya kawaida ya pini 24, lakini ndugu yake 9020 ana plagi ya pini 8 kwenye bodi, mpaka ununue adapta yake.

Feki zipo nyingi jamani. Wanachukua kadi ya zamani, wanaichezea programu yake, inajitambulisha kama 1050 Ti. Nenda na flashi yenye GPU-Z, ni ya bure, na matoleo yake ya kuanzia 2018 yanagundua nyingi za hizo. Muuzaji akikataa kuwasha mbele yako, ondoka.

RAM: vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha 8, prosesa inasoma vyote kwa pamoja. SSD weka hata ndogo, gemu zitafunguka haraka, ila usitegemee iongeze kasi ya mchezo wenyewe.

Kitu kingine, Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Ukicheza Valorant hili linakuhusu moja kwa moja, kwani kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0. Ukiongeza akiba kidogo ukapata i5-8500, viini 6, utakaa nayo muda mrefu zaidi.

Mimi bado niko na 7010 yangu. Niliweka pawa saplai nyingine na 1050 Ti isiyo na waya, GTA V inakwenda freshi, na skrini ni televisheni ya sebuleni, bi mkubwa akishamaliza tamthilia yake.