Kuachana ku Butembo na Beni: karatasi gani, na ku ofisi gani?

Mahari imerudishwa, wazee wamekaa, kila mutu amerudi kwao. Ku Butembo, ku Beni na mu vijiji vya pembeni, watu wengi wanaamini kama hapo ndoa imekwisha. Mbele ya desturi, pengine ni hivyo. Lakini mbele ya sheria ya Kongo, hao wawili wangali bibi na bwana. Wote wakiwa wangali wazima, kinachovunja ndoa ni hukumu ya tribinali peke yake.

Neno hilo liko mu Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Wazee wa familia, shefu wa katiye, padri ao pasta wanaweza kupatanisha watu, hata kushuhudia kama wameachana, lakini hakuna mumoja wao anayeweza kutoa talaka. Hata mbuzi zote zikirudishwa, tribinali haijasema kitu.

Ni nini inaweza kuharibika?

Mwanamuke aliyerudi kwa wazazi wake bila hukumu hawezi kuolewa tena ku komini. Mwanaume akioa mwingine kiserikali na ndoa ya kwanza ingali imeandikwa, anaingia mu kosa la kuwa na ndoa mbili, na sheria inaliadhibu. Na bwana akifariki, njo matatizo makubwa yanaanza: bibi wa kwanza anakuja na akti yake ya ndoa, wa pili anakuja na watoto, na ndugu za marehemu wamekwisha kushika funguo za nyumba. Karatasi moja ingemaliza mabishano hayo mbele hayajaanza.

Kwanza, tafuta akti ya ndoa

Akti inapatikana ku ofisi ya eta sivili pahali ndoa iliandikwa. Kwa muji wa Butembo, ni mu komini ya Bulengera, Kimemi, Mususa ao Vulamba. Kwa muji wa Beni, ni Beu, Bungulu, Mulekera ao Ruwenzori. Inje ya miji, uliza ku ofisi ya eta sivili ya sekteri ao sheferi yako: kwa mufano Beni-Mbau, Ruwenzori, Bashu ao Watalinga kwa teritware ya Beni. Enda na majina kamili ya wote wawili, mwaka wa ndoa, na kitambulisho chako.

Kama ndoa ilifanyika mu familia tu, kwa mahari, sheria inaomba iandikwe ku eta sivili. Isipoandikwa, watu wa inje hawalazimishwe kuitambua, na wewe unabaki na kazi ya kuonyesha kama iliwahi kuwako. Hapo mashahidi wa mahari wanasaidia, na barua ya mahari kama iliandikwa. Karatasi ya kanisa inaweza kusaidia kuonyesha tarehe na mashahidi, lakini haichukue nafasi ya akti ya serikali.

Na wale waliokimbia vita, karatasi zikabaki ao zikaungua? Usikate tamaa. Uliza kwanza kama ofisi ya eta sivili ilihama na madaftari yake. Uliza tena ku grefe ya tribinali kubwa ya Beni ao ya Butembo, maana nakala ya madaftari inapashwa kutumwa kule. Ikikosekana pote, tribinali inaweza kutoa hukumu yenye kuchukua nafasi ya akti iliyopotea.

Kuomba talaka: njia iko hivi

Kesi inafunguliwa ku tribinali ya amani (watu wengi wanaiita tripe) ya pahali anakaa yule anayeshitakiwa, ao pahali mulikaa pamoja mara ya mwisho. Kama mulikuwa munakaa Beni na wewe umekimbilia Butembo, usifungue Butembo sababu tu ni karibu na wewe. Uliza kwanza ku grefe ni tribinali gani inahusika.

Unaenda wewe mwenyewe. Maombi unaweza kuyaandika ao kuyasema kwa mudomo mbele ya prezida wa tribinali, na kueleza sababu. Kutokujua kuandika si kizuizi. Avoka anaweza kukusaidia, lakini tribinali ya amani haikufukuze sababu hauna avoka.

Sheria haitafute tu nani alikosa. Inauliza kama ndoa imeharibika kabisa, kiasi kwamba kuendelea kuishi pamoja haiwezekane tena. Mapigo, kuachwa bila chakula, uzinzi: hayo yote juji anayapima. Kama mutu alihama nyumba na kukaa mbali kwa miaka 3 ao zaidi, hiyo tayari ni alama kubwa mbele ya tribinali.

Mbele ya kesi yenyewe kunakuwa kikao cha upatanisho. Bibi na bwana wanaitwa wao wenyewe. Watu wengi wanakasirika: “Tumekwisha kukaa na wazee mara tatu!” Lakini juji anapashwa kupitia hapo. Upatanisho ukishindikana, kesi inaendelea. Wakati wa kungojea, unaweza kuomba juji apange kwanza nani anabaki mu nyumba, nani anakaa na watoto, na nani anatoa chakula chao.

Mambo ya watoto, mali na mahari uyaseme mapema. Mahari kurudishwa ao hapana, tribinali inaangalia desturi ya pale. Lakini mahari hailipi watoto: muzazi asiyekaa nao anabaki na haki ya kuwaona na kazi ya kuwalisha.

Wengine wanauliza kama, sababu ya eta de siyeji iliyoanza Mei 2021, talaka imeenda kwa waaskari. Hapana. Kesi za makosa ya jinai njo zilipelekwa ku tribinali za kijeshi. Ndoa na talaka zilibaki ku tribinali za sivili.

Hukumu imetoka, kazi haijaisha

Hapa njo wengi wanaanguka. Wanasikia juji anasoma hukumu, wanarudi nyumbani na furaha, na hakuna karatasi mikononi. Fanya hivi:

1. Andika namba ya kesi (inaanza na herufi RC) na tarehe ya hukumu. Hata kisha miaka 10, kwa namba hiyo grefye atapata dosie yako haraka.
2. Omba nakala ya hukumu ku grefe, na hakikisha ujumbe wa tribinali umemufikia yule mwingine.
3. Ngojea muda wa rufaa upite, kisha omba cheti kinachoonyesha kama hakuna aliyekata rufaa.
4. Peleka karatasi hizo ku eta sivili pahali ndoa iliandikwa, talaka iandikwe pembeni ya akti ya ndoa. Bila hiyo, daftari ya komini ingali inasema umeolewa.

Njia ni hiyo hiyo kwa mutu anayetafuta talaka ya zamani, ya kwake ao ya muzazi aliyefariki: kwanza akti ya ndoa na maandishi ya pembeni, kisha grefe ya tribinali.

Na falanga?

Kila gharama ya tribinali inaombewa risiti. Asiyekuwa na uwezo aombe cheti cha umaskini ku ofisi ya mambo ya jamii, akionyeshe ku tribinali apate kupunguziwa ao kusamehewa. Ma avoka nao wako na ofisi ya ushauri wa bure. Na kama unapigwa ao maisha yako iko mu hatari, usingojee talaka: tafuta kwanza pahali pa usalama, enda hospitali, na chunga karatasi ya munganga. Siku ya kesi, karatasi hiyo itasema kwa ajili yako.